Mtazamo wa Mwandishi: Historia ya Swali Moja la Ufahamu na Istilahi Zake

Katika mitihani ya ufahamu kuna swali moja ambalo aghalabu huwaangusha hata watahiniwa wasomao vizuri. Huulizwa kwa namna nyingi: Mwandishi ana mtazamo gani juu ya jambo hili? Yaelekea angekubaliana na kauli ipi kati ya hizi? Jibu lake halikuandikwa popote katika kifungu, na hata hivyo mtahini hushikilia kwamba jibu sahihi ni moja tu. Makala haya yanakusudia kueleza swali hili lilikotoka, na jinsi sisi tunaolitafsiri kwa Kiswahili tulivyolitia giza kwa istilahi zetu wenyewe.

Mitihani sanifu ya kusoma yenye majibu mafupi ya namna moja ilishika mizizi Marekani. Katika miaka ya 1914 na 1915 Frederick J. Kelly, aliyekuwa akifanya kazi Emporia katika jimbo la Kansas, alitunga mtihani wa kusoma kimya ambao kila swali lake lilitakiwa liwe na jibu moja lisilobishaniwa, ili usahihishaji usitegemee hiari ya msahihishaji. Swali lake mojawapo lilimpa mwanafunzi majina ya ng'ombe, chui milia, panya na mbwa mwitu, likamtaka azungushie mstari mnyama mwenye manufaa shambani. Hapo hapana mwandishi mwenye mtazamo. Pana maagizo tu.

Mwaka 1917 Edward Thorndike alichapisha uchunguzi wa makosa ya wanafunzi katika kusoma aya fupi, mojawapo ikihusu sheria ya mahudhurio ya shule mahali paitwapo Franklin. Alionyesha kwamba kusoma ni kufikiri, na kwamba makosa mengi hutokea pale neno moja linapopewa uzito kupita kiasi akilini mwa msomaji, au linaponyimwa uzito linaostahili. Naomba wazo hili likumbukwe, maana tutalirudia.

Aliyelipa swali letu nafasi yake rasmi ni Frederick B. Davis. Mwaka 1944 alitoa orodha ya stadi tisa za ufahamu. Stadi ya saba ilikuwa kung'amua mambo yasiyosemwa wazi kuhusu yaliyomo katika kifungu. Ya tisa ilikuwa kutambua kusudi, nia na mtazamo wa mwandishi, yaani kung'amua jambo kuhusu mwandishi mwenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa. Swali la kwanza lahusu ulimwengu ulioelezwa, la pili lahusu aliyeueleza. Mwaka 1946 Louis Thurstone alizichambua upya takwimu zizo hizo, akasema zinatosha kuelezwa kwa uwezo mmoja tu wa kusoma. Davis hakukubali, akafanya utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1968. Mwaka 1972 Donald Spearritt akaupitia utafiti huo, akaona stadi nne zinazotengana, ingawa zinahusiana mno. Mojawapo ilikuwa kutambua kusudi, msimamo na toni ya mwandishi. Kwa maoni yangu Davis alikuwa na haki, japo ugomvi wenyewe haukumalizika kwa ushindi wa wazi.

Sasa tuje nyumbani. Miaka michache iliyopita nililetewa rasimu ya mtihani uliotafsiriwa, ambamo kila swali la aina hii lilianza kwa maneno "Kisia maoni ya mwandishi". Nilimwuliza mwalimu mmoja wanafunzi wake wangefanya nini. Akanijibu: "Watakisia." Alisema kweli. Mtumishi wa serikali anayajua makisio ya mapato na matumizi: ni hesabu ya jambo ambalo bado halijajulikana. Mtahiniwa hakutakiwa kupiga ramli; dalili zote amewekewa mbele yake. Neno "maoni" nalo lina hatari yake, kwa sababu mtoto amezoea kuambiwa "toa maoni yako", naye huyatoa, kisha huchagua jibu linalolingana na aliyonayo moyoni.

Tuchukue kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya mfano: "Wazee wa kijiji husema kwamba mashine mpya ya kukoboa mpunga imewaokoa akina mama. Ni kweli, vinu vimenyamaza. Lakini foleni ya mashineni huanza alfajiri, na bei hupangwa na mwenye mashine peke yake." Je, mwandishi anaisifu mashine, anaipinga, anakubali manufaa yake huku akiwa na shaka, au hana upande? Mwenye kulipa neno "imewaokoa" uzito kupita kiasi atajibu kwamba anaisifu. Lakini neno hilo ni la wazee. Mwandishi anaanza kusema kwa sauti yake katika "Ni kweli", ambapo anakubali. Kisha "Lakini" na "peke yake" vinaonyesha anakoelekea. Jibu ni la tatu, nalo limepatikana bila kukisia chochote.

Tena tuongeze neno moja tu: "Wazee husema eti mashine..." Shaka imejitokeza tangu mwanzo. Lugha yetu huficha mtazamo katika viungo vidogo namna hii: eti, kumbe, ndiye, na viambishi vya kudunisha na kukuza. Anayeandika "kijimtu" amekwisha kutoa hukumu. Anayeandika "kijitabu", la. Hilo ni jina la kawaida la chapisho dogo, na mtahiniwa anayeliona kuwa dharau ametumbukia katika kosa lile la Thorndike. Vifungu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza huwa na uhaba wa dalili hizi. Mtafsiri asipoziweka mahali panapostahili, swali hubaki halina msingi, na mtoto hunyimwa alama kwa kosa la mezani petu.

Napendekeza basi kwamba "kukisia" kuachiwe hesabu na makadirio, na tendo hili liitwe "kung'amua". "Mtazamo" uwe ni mahali mwandishi anapolitazamia jambo. "Msimamo" uwe ni lile analolishikilia. Walimu wa fasihi wamezoea kuyatenga maneno haya mawili, hivyo hatuwaletei jambo geni. Katika karatasi ya maswali pasomeke: "Mtazamo wa mwandishi unaong'amulika katika kifungu ni upi?" Linabaki neno "mwandishi" lenyewe, kwani katika hadithi anayesema mara nyingi ni msimulizi, naye aweza kuwa na mtazamo ambao mwandishi anaucheka. Hilo bado tunalijadili.