Presha ya ini: Kwa nini asiyekunywa pombe anatapika damu?

Mtu anatapika damu nyingi ghafla. Hanywi pombe, na vipimo vya homa ya ini havionyeshi kitu. Majirani wanaanza: anakunywa kwa siri huyo, au amelogwa.

Kuna maelezo mengine. Damu kutoka tumboni, kwenye utumbo na bandama hupita mshipa mmoja mkubwa, mshipa wa lango la ini. Mshipa huo ndio unaopeleka karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini. Njia ikibana, presha inapanda humo na damu inatafuta uchochoro: mishipa midogo ya koo la chakula inavimba mpaka inapasuka. Bandama nayo inakua. Kile kipimo cha presha cha mkononi hakioni kitu hapa.

Chanzo cha kawaida ni ini lenye makovu kutokana na pombe au hepatitisi B na C. Kingine ni kichocho cha tumbo. Bonde la Kilombero lina kichocho, lakini kinachojulikana zaidi ni cha mkojo. Cha tumbo kinasumbua sana Kanda ya Ziwa. Hata hivyo daktari hakiachi, maana familia nyingi zimehamia bondeni kutoka huko. Malaria ya kujirudia pia huvimbisha bandama, kwa hiyo ni rahisi kuchanganya.

Vyote hivyo visipoonekana, na mshipa hauna bonge la damu, huitwa presha ya ini isiyojulikana chanzo. India na Japani wameiandika sana.

Ahueni ni kwamba ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi vizuri. Kinachoua ni kuvuja damu, na hiyo inazuilika. Daktari hupitisha kamera mdomoni na kuufunga mshipa kwa kipira kidogo, kazi inayofanyika Muhimbili. Hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa iishe. Vidonge vya propranolol hushusha presha hiyo, ila kwa kuandikiwa tu.

Ukiwa Mlimba au Malinyi, usisubiri damu itoke mdomoni. Choo cheusi kama lami, kizunguzungu au uvimbe chini ya mbavu za kushoto vinatosha kukupeleka hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Na zile diclofenac na aspirini za dukani, achana nazo kwanza: zinaongeza hatari ya kuvuja damu.