Mgonjwa kapona, shingo ya daktari yauma

Nilikuwa kimya kidogo, shingo ilinikamata. Kuandika programu kutwa kwenye kiti cha plastiki hapa Mishomoroni kuna gharama yake. Nikiwa nimelala nikamkumbuka daktari aliyemtoa mama kifuko cha nyongo kwa matundu madogo. Mama alirudi nyumbani upesi, lakini daktari alipokuja kutupa habari njema alikuwa akijikanda shingo. Basi nikaanza kuchimba historia.

Mwaka 1901 Mjerumani Georg Kelling alimpulizia mbwa hewa tumboni, akachungulia ndani kwa mrija. Mwaka 1980 Kurt Semm akatoa kidole tumbo kwa njia hii, na 1985 Erich Mühe akatoa kifuko cha nyongo. Enzi hizo mpasuaji aliinama, jicho moja kwenye lenzi, mgongo kama wa mtu anayekuna nazi kwenye mbuzi tangu asubuhi.

Miaka hiyo ya 1980 ikaja kamera ya video. Mpasuaji akasimama wima. Ungedhani tabu imekwisha, kumbe imepanda juu tu! Skrini iliwekwa palipopatikana nafasi, mara nyingi juu ya toroli la mashine, kwa hiyo macho yako kule na mikono iko hapa. Tumbo limejazwa gesi likainuka, vyuma ni virefu, viwiko vinabaki vimening'inia hewani saa nzima. Tena chuma hupita kwenye tundu kama kasia kwenye kishwara: ukisukuma mkono kushoto, ncha yaenda kulia. Vipini navyo havikuwafikiria wenye viganja vidogo. Sisi waandika programu twalijua kosa hili: mtambo wafanya kazi, mtumiaji kasahauliwa.

Mwaka 2010 Adrian Park na wenzake walichapisha majibu ya wapasuaji 317 wa kazi hii. Karibu asilimia 87 walikuwa na maumivu au dalili nyingine mwilini.

Roboti ya da Vinci, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2000, humkalisha mpasuaji kitini. Napenda roboti, lakini bei yake ni mamilioni ya dola. Dawa rahisi ni kushusha meza hadi vipini viwe usawa wa kiwiko, na skrini iwe chini kidogo ya macho. Shida ni kwamba meza nyingi zilitengenezwa kwa upasuaji wa kufungua tumbo, hazishuki vya kutosha. Mpasuaji mfupi hupanda juu ya kibao.

Mimi nimeinua laptop yangu kwa vitabu viwili vya Java. Shingo yaendelea vizuri.