Utamaduni, Ustaarabu na Uhuni: Maneno ya Operesheni Vijana, 1968–1969



Historia ya Kiswahili baada ya uhuru aghalabu husimuliwa kama historia ya ushindi: Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, istilahi zikasanifiwa, Mwalimu Nyerere akamtafsiri Shakespeare. Yote hayo ni kweli. Lakini lugha hiyohiyo iliyokuwa ikijengwa ilitumika pia kuwavunjia watu heshima barabarani, na jambo hilo sisi wanaisimu tumewaachia wanahistoria kwa muda mrefu mno.

Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vimini, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana. Hata kabla ya tarehe hiyo kuwadia, makundi ya vijana wa kiume huko Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwaandama wanawake, yakawashusha kwenye mabasi na kuwapiga, hadi polisi wakalazimika kuingilia kati. Hoja iliyotolewa kuitetea marufuku ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa.

Tulitazame neno hilo. Utamaduni limetokana na neno la Kiarabu tamaddun, lenye mzizi mmoja na madina, yaani mji. Neno ustaarabu, ambalo lilikuwa limezoeleka zaidi, lilikuwa na mkosi wake: kiasili linahusu kuwa kama Mwarabu, na taifa changa la Kiafrika lisingeweza kulitundika mlangoni pa wizara. Mwaka 1962 ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, utamaduni likapata cheo. Hivyo neno lililobeba mji tumboni mwake ndilo lililokuja kumshutumu mwanamke wa mjini kwa sababu ya umjini wake.

Neno la pili ni uhuni. Kamusi za zamani humweleza mhuni kuwa mzururaji, na pia mtu asiye na ndoa. Maana hii ya pili imefifia, ila sidhani kwamba mwaka 1968 ilikuwa imekufa. Aliyelengwa hasa alikuwa msichana wa mjini, mara nyingi karani au mpiga chapa, aliyepata mshahara wake mwenyewe na kuishi bila mume wala baba wa kumsimamia. Neno moja lilitosha kuunganisha hali yake ya ndoa, makazi yake na urefu wa sketi yake, kisha kuvihukumu vyote kwa pamoja. (Kimini chenyewe ni umbo la kupendeza: kitu ambacho tayari ni kidogo kwa Kiingereza kimetiwa kiambishi chetu cha udogo, kikadogoshwa mara mbili.)

Sasa tuelekee kaskazini. Katika miaka hiyohiyo ya 1967 na 1968, viongozi wa Mkoa wa Arusha walikuwa wakiwashurutisha Wamasai waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na mashati. Aliyekaidi aliweza kukataliwa ndani ya basi. Yaani Kariakoo mwanamke alishushwa kwenye basi kwa kuiga wageni, na Arusha Mmasai alizuiwa kupanda kwa kukataa kuwaiga. Kijana wa Dar es Salaam alitiwa hatiani kwa suruali, na moran kwa kutokuwa nayo.

Mkanganyiko huu haukufichika kwa watu wa wakati ule. Katika barua kwa wahariri wa magazeti, wasomaji walihoji kwa nini suti na tai za wanaume hazikuguswa. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ingawa waimbaji wake walikuwa Wamarekani weusi. Mwaka huohuo Mabepari wa Venisi ilichapishwa bila mtu kulalamika kwamba Venisi si Tanzania.

Bila shaka hatukosi mafunzo ya siasa katika haya, lakini mimi yananivutia kama data. Barua na tahariri za magazeti ya Uhuru na Ngurumo za kati ya Oktoba 1968 na mwanzo wa 1970 zinaonyesha heshima, uhuni na utamaduni yakigombewa na wasemaji wa kawaida, wiki hadi wiki. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanzie hapo, karatasi zile zingali zinasomeka.