Fahamu: Namna ya kutafuta maneno ya Kingereza kwa herufi ulizo nazo

Ukipewa herufi E, I, L, N, S na T, utapata maneno gani ya Kingereza? Ndiyo kazi ya Scrabble, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts miaka ya 1930. Katika Scrabble ya Kingereza, vibao viko 100: vya E ni 12, cha Q ni kimoja tu.

Kwanza, weka S kwa mwisho: LINE, ndiyo mstari, inakuwa LINES, mistari. Kisha, panga herufi za kila neno unalojua kwa mfuatano wa alfabeti. LISTEN (sikiliza), SILENT (kimya) na ENLIST (andikisha) yote yanatoa EILNST. Mpangilio ukilingana, maneno hayo yametoka kwa herufi zile zile.

Lakini vijana wanaojifunza Kingereza, angalieni. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza luga hiyo. Alikariri maneno tu. Kwa hiyo ukipata neno, uliza maana yake, kisha tunga nalo sentensi.