Bakteria na Kumbukumbu

Wengi wetu tusikiapo neno bakteria, twawaza ugonjwa tu. Lakini viumbe hawa wadogo, ambao jicho halivioni viungo vyao, wamewafundisha wataalamu jambo kubwa juu ya kumbukumbu.

Ndani ya kila bakteria mna uzi mwembamba uitwao DNA, wenye vitu vya namna nne vilivyopangwa mfano wa herufi. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili, huko New York, walionyesha kwamba uzi huo ndio uchukuao urithi wa bakteria.

Mwaka 1987 Yoshizumi Ishino na wenzake, huko Osaka katika nchi ya Japani, waliona katika DNA ya bakteria wa matumbo maandiko yaliyorudiwa-rudiwa, wala hawakujua kazi yake. Kazi hiyo ilithibitishwa mwaka 2007 kwa bakteria wagandishao maziwa. Virusi wakimshambulia bakteria naye akaokoka, huweza kutwaa kipande cha DNA ya adui na kukitia kati ya maandiko yale, ili wazao wake wamtambue. Kipande kipya huwekwa mwanzoni mwa safu, na vya zamani hufuata nyuma. Basi safu hiyo ni kama kitabu cha historia.

Mwaka 2017 Seth Shipman, George Church na wenzao, katika chuo cha Harvard huko Marekani, walikiandika kitabu hicho kwa makusudi. Walitwaa picha tano za farasi apigaye mbio, zilizopigwa na Eadweard Muybridge katika karne ya 19, wakazigeuza kuwa herufi za DNA, wakawatia bakteria picha moja kila siku. Bakteria wakazaana. Halafu wataalamu waliisoma DNA yao, wakazipata picha kwa utaratibu wake, sehemu kama 90 katika 100 zikiwa sahihi.

Tena hapakuwa na bakteria mmoja aliyezichukua picha zote. Kila mmoja alikuwa na vipande vichache. Habari nzima ilipatikana kwa kuwasoma wengi pamoja.

Ndivyo ilivyo historia ya vijiji vyetu. Mzee huyu ajua habari za kuhama, bibi yule ajua mwaka wa njaa. Lakini bakteria humrithisha mzawa wake bila kuulizwa. Mwanadamu hurithisha kwa kusema na kuandika. Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuyaandike wasemayo.