Mkoba Wenye Saa

Wadhani, msomaji, kwamba sheria moja yaweza kumwacha tajiri na kumshika maskini kwa tendo lile lile? Tazama mambo ya kamari ya farasi yalivyokuwa huko Uingereza. Mwaka 1853 Bunge lilipiga marufuku nyumba za kupokea dau kwa fedha taslimu, na mwaka 1906 likakataza kupokea dau barabarani. Walakini bwana mwenye simu, aliyeaminiwa na mpokea dau, aliweza kucheza kwa mkopo naye yu kitini kwake, wala askari hakumgusa. Kadhalika katika uwanja wa mashindano dau halikuzuiwa. Bali kibarua hakuwa na simu, wala hakuweza kuacha kazi kwenda uwanjani.

Je, aliacha kucheza? La. Alikwenda kichochoroni akampa mjumbe kikaratasi chenye jina la farasi, kiasi cha fedha, na jina la kubuni badala ya jina lake mwenyewe. Labda wajiuliza, mpokea dau alijuaje kwamba kikaratasi hakikuandikwa baada ya mshindi kujulikana? Mjumbe alichukua mkoba wenye saa ndani yake. Alipoufunga, saa ile ilitia alama ya wakati wa kufungwa, na mkoba haukufunguliwa tena ila na tajiri wake. Kikaratasi kilichochelewa hakikuwa na njia ya kuingia. Mashine ndogo hiyo ilileta uaminifu katika biashara ambayo haikuweza kupeleka shauri lolote mahakamani!

Nao askari, wengine waliwakamata wajumbe, wengine wakapokea rushwa na kutazama kando. Kwangu mimi, rushwa hiyo ilidhuru kuliko dau lenyewe, kwani aliyekwisha kumwona askari akinunuliwa aliiheshimu vipi sheria nyingine?

Basi mwaka 1960 Bunge likatunga sheria mpya, na tarehe 1 Mei 1961 maduka ya dau yakafunguliwa kwa leseni ya mahakimu. Serikali haikutaka yapendeze: hapakuruhusiwa televisheni wala vinywaji hata mwaka 1986, na kijana asiyetimiza miaka 18 hakupewa ruhusa kuingia. Wapokea dau nao walitozwa fungu la kusaidia mashindano ya farasi. Siku hizi halmashauri za mitaa hutoa leseni za maduka, na Tume ya Kamari huwapima wenye biashara. Kibarua akaingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na mkoba wenye saa ukakosa kazi.