Besi ya benga: Namna ya kuirekodi nyumbani kwa gharama ndogo

KATIKA benga ya Ukambani, gitaa la besi halijifichi nyuma ya magitaa mengine. Ndilo linalomwelekeza mchezaji mahali pa kuweka mguu, na likififia, hata mpigaji solo awe hodari kiasi gani, wimbo husikika kama nyumba isiyo na nguzo. Mwanamuziki wa Machakos anayetaka kujirekodia nyimbo zake nyumbani hana budi kuanza na ala hii. Bahati yake ni kwamba, miongoni mwa ala zote za bendi, besi ndiyo inayohitaji studio kwa uchache zaidi.

Zamani safari ilikuwa moja tu. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanabendi wa Ukambani walibeba magitaa yao hadi Nairobi, ambako biashara ya muziki wa lugha za kienyeji ilikuwa imekita mizizi River Road na mitaa jirani. Ndiyo enzi ya Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, ambaye akiwa na bendi yake ya Kilimambogo Brothers aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Jina la bendi hiyo lilitokana na mlima ulio pembezoni mwa Machakos. Santuri za wakati huo zilienea nchi nzima, lakini mara nyingi mwanamuziki alilipwa mara moja tu akaenda zake, na kanda asilia ikabaki kabatini mwa mtayarishaji. Suala la nani anabaki na kanda hiyo halijaisha hata leo.

Besi haihitaji studio kwa sababu haihitaji chumba. Sauti ya mwimbaji na ngoma hunaswa kwa maikrofoni, na maikrofoni husikia kila kitu: jogoo wa jirani, bodaboda inayopita, mvua juu ya mabati. Gitaa la besi la umeme, kwa upande wake, lina sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, ambazo wapigaji huziita pikapu. Uzi wa chuma ukitetemeka, pikapu huugeuza mtetemo huo kuwa umeme, na umeme huo waweza kupitishwa kwenye kebo hadi kwenye tarakilishi bila kupita hewani. Mvua ya Novemba yaweza kunyesha Masii au Kathiani mchana kutwa na isiharibu hata noti moja. Wala hii si njia ya kimaskini. James Jamerson, mpigaji besi wa kampuni ya Motown mjini Detroit, Marekani, alirekodiwa vivyo hivyo katika miaka ya 1960, besi yake ikiingizwa moja kwa moja kwenye mitambo.

Kwa hiyo amplifaya kubwa si lazima, na fedha ambazo zingeinunua ziende kwingine. Kinachohitajika ni kipakatalishi, hata kiwe cha mtumba, kebo nzuri, hedifoni zinazofunika masikio, na kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB. Kadi hiyo ndicho kifaa ambacho wengi hujaribu kukikwepa ili kubana matumizi, na hapo ndipo hukosea. Pikapu za kawaida hutoa umeme hafifu mno, ambao hutaka kupokewa na tundu lenye ukinzani mkubwa, yapata omu milioni moja. Tundu la maikrofoni lililo ubavuni mwa kipakatalishi huwa na ukinzani wa omu elfu chache tu. Besi ikichomekwa humo, sauti zake za juu humezwa na kinachosalia ni kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Kadi ifaayo ina tundu lenye alama ya gitaa au maandishi INST au Hi-Z. Za bei ya chini kama UM2 ya Behringer zinalo, sawa na za bei ya juu kidogo kama Scarlett Solo ya Focusrite. Besi iliyo na betri ya volti 9 ndani yake haisumbuliwi sana na jambo hili, kwa kuwa betri huendesha saketi inayoutia umeme huo nguvu kabla haujatoka kwenye gitaa.

Programu isimsumbue mtu. Audacity imekuwa ikipatikana bure tangu mwaka 2000, nayo yatosha kwa anayeanza. Reaper huruhusu majaribio ya siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Ubora wa Reaper kwa mwenye tarakilishi ya Windows ni kwamba hutumia viendeshi vya ASIO, ambavyo hupunguza kule kuchelewa kwa sauti kati ya kidole kugusa uzi na sikio kusikia. Anayetumia Audacity aweza kuepa tatizo hilo kwa kubonyeza kitufe cha kadi kinachomwezesha kujisikia moja kwa moja, kabla sauti haijaingia kwenye tarakilishi.

Adui mkubwa ni mvumo wa umeme, na adui huyu ana hila ya pekee kwa mpigaji besi wa Kenya. Umeme wa nchi hii hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Uzi mnene wa besi yenye nyuzi 4, ambao ni E, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde ukiachwa wazi. Ukibanwa kwenye freti ya 3 hutoa noti ya G, yenye mitetemo 49. Yaani mvumo wa umeme na noti ya G karibu ni kitu kimoja. Mvumo huja pia na watoto wake, wa mitetemo 100 na 150, na G ya oktava inayofuata ina mitetemo 98. Anayedhani atarekodi kwanza kisha auchuje mvumo baadaye atagundua kwamba kichujio kinaondoka na noti zake. Wimbo wa ufunguo wa G ndio huumia zaidi.

Dawa, basi, ni kuuzuia mvumo kabla haujaingia, na dawa bora haigharimu hata shilingi: kipakatalishi kichajiwe hadi kijae, kisha chaja ichomolewe na kazi ifanywe kwa betri. Kadi ya sauti inayojiendesha kwa USB hutumia umeme wa betri hiyo hiyo. Mtindo huu una faida ya pili ambayo mkazi yeyote wa Kenya ataielewa, kwamba umeme ukipotea katikati ya wimbo, kurekodi kunaendelea. Taa za mirija na balbu za kubana umeme zizimwe kama zinanguruma, na simu ya mkononi iwekwe mbali na pikapu. Mpigaji ajaribu pia kugeuka polepole kitini, kwa maana pikapu zenye koili moja husikia mvumo zaidi zikielekea upande fulani na hunyamaza zikielekea mwingine. Besi zilizoigwa kutoka Fender Precision, ambayo tangu mwaka 1957 imekuwa na pikapu iliyogawanywa vipande viwili, huufuta mvumo zenyewe kwa kiasi kikubwa. Jambo moja lisifanywe kamwe: kukata au kuziba pini ya tatu ya plagi ya amplifaya ili mvumo upungue. Pini hiyo ndiyo inayozuia nyuzi za gitaa kuwa nyaya za umeme mikononi mwa mtu.

Ala yenyewe ni muhimu kuliko vifaa vyote vilivyotajwa. Besi ya bei rahisi iliyotengenezwa vizuri hushinda ya bei ghali iliyotelekezwa. Freti ya 12 ndiyo kipimo: noti inayotoka uzi ukibanwa hapo ifanane barabara na ile inayotoka uzi ukiguswa tu juu ya freti hiyo bila kubanwa. Zikitofautiana, kidaraja cha uzi husogezwa mbele au nyuma kwa bisibisi. Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa la kawaida, ndiyo maana wapigaji wengi huzichemsha kwenye sufuria kwa dakika 10 hivi ili kutoa jasho na uchafu, wakazikausha vizuri na kuzirudisha. Mng'ao hurejea, ingawa si kwa muda mrefu. Anayetaka mlio mfupi na mzito aache nyuzi kuukuu zilivyo na kupachika kipande cha sponji chini yake, karibu na kidaraja.

Wakati wa kurekodi, kilele cha sauti kikome karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Zikigonga sifuri, noti hupasuka na hakuna programu itakayoziunga vyema. Ngoma na gitaa la kuongozea vitangulie, hata kama ngoma ni za tarakilishi, ili besi ipate kitu cha kukumbatia. Sehemu ya mwisho ya wimbo wa benga, ambapo magitaa huchacha, afadhali ipigwe yote kwa mkupuo mmoja hata ikirudiwa mara 10. Besi iliyoshonwa kwa vipande vya noti nne nne hupoteza mwendo, na wachezaji huhisi hata kama hawawezi kueleza ni kwa nini.

Kusawazisha sauti ndiko kunakodanganya. Chumba chenye urefu wa mita 3, na vyumba vingi vya kupanga mjini Machakos havizidi hapo sana, huvimbisha sauti za mitetemo 57 hivi kwa sekunde. Mtu hudhani noti za A na A kali zimezidi, akazipunguza, kumbe tatizo ni ukuta. Hedifoni hazina ukuta. Baada ya hapo wimbo usikilizwe kwenye spika ndogo ya simu, ambayo haiwezi kabisa kutoa mitetemo 41. Sikio hulijaza pengo hilo lenyewe kwa kusikia mitetemo ya 82, 123 na kuendelea, mradi besi iwe nayo. Kuongeza kidogo eneo la mitetemo 700 hadi 1,000, na kukata kila kilicho chini ya 30, husaidia zaidi kuliko kuongeza besi yenyewe. Mwisho iende kwenye matatu, maana huko ndiko itakakosikilizwa.

Faili asilia, ile isiyoguswa na kichujio chochote, ihifadhiwe kwa muundo wa WAV katika mahali pawili tofauti. Hiyo ndiyo kanda ya kabatini ya siku hizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humtambua mwenye rekodi kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake, na humpa haki kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka wa kurekodi. Haki ya utunzi wa wimbo ni nyingine, na mpigaji aliyealikwa ana haki zake kama msanii. Ndiyo sababu bendi inayorekodi kwenye chumba cha mwenzao inafaa kuandika karatasi moja kabla ya kebo kuchomekwa: nani ametunga, nani amepiga nini, rekodi ni ya nani, na kila mmoja atalipwaje. Wote waitie sahihi, na nakala yake ikae pamoja na faili.